Nyumba Jioni, Mvua Imekatika: Maswali na Majibu Kuhusu Picha za 3D

Picha nyingi za 3D zinazouza ramani za nyumba Dar es Salaam, Nairobi au Kampala zina saa moja tu: saa sita mchana. Anga ni la buluu tupu, nyasi zimekatwa sawasawa, gari jeupe limeegeshwa mbele ya geti. Mteja anaiona nyumba yake yote, ila haimvuti. Mchoraji anayetaka mteja asimame na kutazama mara ya pili hukimbilia jioni, na mwenye kuthubutu huongeza mvua.

Hapo ndipo kazi inapoharibika. Picha inatoka nyeusi, madirisha yanawaka meupe, na mvua inafanana na mikwaruzo kwenye kioo cha simu. Maswali yafuatayo ndiyo yanayowasumbua wanafunzi wa usanifu majengo, mafundi wa picha na hata wenye nyumba wanaolipia kazi hiyo. Majibu yanafaa kwa programu yoyote, iwe Blender, Lumion, D5, Twinmotion au 3ds Max yenye V-Ray au Corona, kwa sababu yanahusu mwanga na maji kabla ya kuhusu vitufe.

Picha ya jioni iwe ya saa ngapi hasa?

Baada ya jua kuzama, kabla giza halijaingia. Wengi huruka moja kwa moja hadi usiku, na anga likishakuwa jeusi paa halionekani linaishia wapi. Kinachobaki ni madirisha yanayoelea gizani.

Sababu iko kwenye hesabu ya mwanga. Jua la mchana la nchi za joto humwaga takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia uso) juu ya ardhi. Likigusa upeo wa macho, zinabaki mia chache. Likishuka nyuzi 6 chini ya upeo, zinabaki kama 3 tu. Sebule yenye taa za kawaida ina laksi 100 hivi. Maana yake ni kwamba kati ya kuzama kwa jua na zile nyuzi 6 kuna muda mfupi ambapo mwanga wa nje unashuka na kukutana na wa ndani, na kamera inaweza kuvishika vyote viwili: ukuta wa nje bado una rangi, na ndani ya dirisha bado unaona kochi na pazia.

Karibu na Ikweta muda huo ni mfupi sana. Jua linashuka karibu wima, nyuzi moja kila dakika 4, hivyo Dar es Salaam toka kuzama kwake hadi kufika nyuzi 6 chini ya upeo ni kama dakika 22. London, mwezi Juni, ni karibu robo tatu ya saa. Mpiga picha wa majengo anayefanya kazi Dar akichelewa kufunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, siku imeondoka. Mchoraji wa 3D ana upendeleo ambao mwenzake hana: analiweka jua nyuzi 4 chini ya upeo na kulisimamisha hapo hadi kazi iishe.

Tatizo ni kwamba anga la programu nyingi lilitengenezwa kwa ajili ya mchana, na jua likipita upeo linazimika ghafla. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Charles mjini Praha walichapisha modeli ya anga inayolifuata jua hadi nyuzi 4.2 chini ya upeo. Asiye na modeli ya namna hiyo atumie picha ya anga ya HDRI iliyopigwa wakati wa magharibi. Tovuti ya Poly Haven inazitoa bure, bila masharti ya hakimiliki.

Jambo moja husahaulika: mawingu ya mvua yanakula mwanga. Jioni ya masika, nje na ndani vinaweza kulingana hata kabla jua halijazama. Kwa picha ya mvua, basi, si lazima jua lishuke sana. Wingu zito limeshafanya nusu ya kazi.

Anga liwe la buluu au la rangi ya machungwa?

La buluu, au la kijivu chenye buluu. Rangi ya machungwa hukaa karibu na jua na huondoka upesi. Juu ya kichwa, anga la wakati wa magharibi ni la buluu nzito, na chanzo chake kikubwa ni gesi ya ozoni: mwaka 1953 Mmarekani Edward Hulburt alionyesha kwamba, jua likiwa chini, mwanga wake hupita njia ndefu ndani ya tabaka la ozoni, nayo hunyonya sehemu ya njano na machungwa na kuiachia buluu.

Kwenye picha ya mvua, machungwa ni hatari zaidi. Kama mawingu yamefunika anga lote, wekundu wa machweo utapita wapi? Inawezekana tu mawingu yakikatika upande wa magharibi, na hapo jua la chini lingepaswa kupaka rangi ile kwenye ukuta na miti ya upande huo pia. Wachoraji wengi huweka anga la machweo nyuma ya nyumba na kuisahau nyumba yenyewe. Jicho la mteja halitajua kosa liko wapi, lakini litakataa.

Taa za ndani zinatoka za njano kupita kiasi. Tatizo ni taa au kamera?

Mara nyingi ni kamera. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mshumaa una kama 1,900, balbu ya zamani ya waya 2,700, taa ya LED ya joto 3,000, mchana wa wazi 5,500 hadi 6,500, na anga la buluu la magharibi linaweza kupita 10,000. Kamera ya programu ikiachwa kwenye 6,500, taa ya 2,700 itatoka kama moto wa kuni. Ikishushwa hadi 2,700, taa inakuwa nyeupe na dunia nzima ya nje inazama kwenye wino. Dawa ni kuiweka katikati, kati ya 4,000 na 4,500, na kuacha kila upande uegemee kwake kidogo: ndani pana joto, nje pana ubaridi. Mvuto wa picha ya jioni unakaa kwenye tofauti hiyo, na tofauti kidogo inatosha.

Hapa kuna neno kwa mwenye nyumba. Taa zinazouzwa sana katika maduka ya umeme ya Afrika Mashariki ni zile nyeupe kabisa, zenye 6,500K. Ukifunga hizo, nyumba yako haitafanana kamwe na ile picha uliyoipenda. Itafanana na duka la dawa usiku. Namba imeandikwa kwenye boksi la balbu. Mchoraji mwaminifu humwambia mteja ametumia kelvini ngapi, na fundi umeme hununua hizohizo.

Kwa nini madirisha yanaonekana kama karatasi iliyobandikwa?

Kwa sababu mara nyingi ni hivyo kweli: kuokoa muda, mchoraji ameweka nyuma ya kioo ubao unaotoa mwanga sawasawa. Nyumba halisi haina mwanga wa namna hiyo. Sebule imewaka, chumba cha watoto kina taa ndogo ya mezani, jikoni kuna mwanga unaotoka mlangoni tu, na chumba kimoja ni giza kwa sababu hakuna mtu. Pazia moja limevutwa nusu. Dari ina duara la mwanga juu ya taa, na pembe za chumba zina kivuli.

Si lazima kujenga kila chumba. Vyumba viwili vinavyotazama kamera vikiwa na kuta, dari, pazia na samani chache vinatosha, vingine vifungwe mapazia. Taa za ukutani na za kwenye dari ziwekewe faili za IES, ambazo watengenezaji wengi wa taa huzitoa bure. Faili hizo, zilizoanza kama kiwango cha chama cha wahandisi wa taa cha Marekani mwaka 1986, hueleza taa fulani inamwaga mwanga kwa umbo gani, na ndizo zinazochora yale matao ya mwanga ukutani ambayo kila mtu ameyaona kwenye baraza la hoteli.

Halafu kila kundi la taa litolewe peke yake, ili ukali wake urekebishwe baadaye bila kurenda upya (kuifanya kompyuta ikokotoe picha nzima tena). Corona ina zana ya kufanya hivyo, na Blender imekuwa nayo tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022. Asiyejua kuitumia atarenda picha ileile usiku kucha kwa sababu tu taa ya jikoni imezidi.

Kuna wanaodhani kuchanganya hivyo ni udanganyifu. Waitazame picha maarufu kuliko zote za nyumba jioni, ile ya Julius Shulman ya mwaka 1960. Nyumba ni ya msanifu Pierre Koenig, imeninginia ukingoni mwa kilima Los Angeles. Wanawake wawili wenye magauni meupe wameketi nyuma ya kioo, na chini yao barabara za jiji zimewaka mistari hadi upeo wa macho. Mwanga wa jiji na mwanga wa sebule havikuwa na nguvu sawa, kwa hiyo Shulman aliacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa ili kukusanya taa za mji, kisha akawasha balbu za kamera kuwaangaza wale wanawake. Mwanga wa nje na wa ndani ulichukuliwa kila mmoja kwa wakati wake, kwenye filamu moja. Makundi ya taa kwenye kompyuta yanafanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo.

Nikiweka mvua, nianze na matone?

Hapana. Anza chini. Mvua huonekana ardhini, ukutani na kwenye paa kabla ya kuonekana hewani, na picha yenye matone mazuri juu ya sakafu kavu ni uongo ambao hata mtoto ataugundua.

Maji hubadilisha uso kwa njia mbili. Kwanza, vitu vinavyonyonya vinakuwa vyeusi zaidi na rangi yake inakolea: udongo, mchanga, saruji isiyopakwa rangi, matofali ya kuchoma, makuti, chokaa ya kuta za Mji Mkongwe. Mwanasayansi wa Sweden Anders Ångström alieleza sababu yake mwaka 1925: mwanga ukishapita utando wa maji na kugonga udongo, sehemu yake inaakisiwa tena na utando uleule kurudi chini, hivyo unanyonywa mara nyingi zaidi kabla ya kutoka. Pili, uso unakuwa laini, kwa kuwa maji yanajaza vishimo vidogo, na hapo unaanza kung'aa.

Vitu visivyonyonya havigeuki vyeusi. Bati, kioo, vigae vyenye glezi na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya mafuta hubaki na rangi yake, vinapata tu mng'ao na matone. Kosa la kawaida ni kushusha mwangaza wa kila kitu kwa kiasi kimoja. Nyumba nzima inakuwa kana kwamba imepakwa gundi.

Na si kila mahali panaloa. Chini ya upenu pana ukanda mkavu. Baraza ni kavu isipokuwa ukingo wake. Ukuta unaotazama upepo umeloa hadi juu, wa pili yake haujaguswa. Pale maji ya paa yanapodondoka pana mstari ardhini, changarawe zimefukuliwa. Na chini kabisa ya ukuta mweupe, kama futi moja kutoka ardhini, pana madoa ya udongo mwekundu yaliyorushwa na matone. Kila mtu aliyekulia Morogoro, Bukoba au Kisii anayajua madoa hayo. Hayamo kwenye maktaba yoyote ya programu ya Ulaya, na ndiyo yanayoifanya nyumba iwe ya hapa.

Madimbwi yawekwe wapi, na kwa nini yangu hayaakisi?

Yawekwe maji yanapotuama: kwenye alama za magurudumu, kwenye pevingi zilizotitia, pembeni mwa barabara kabla ya mtaro. Dimbwi la duara katikati ya njia iliyoinama halipo duniani.

Kuhusu kuakisi, tazama kimo cha kamera. Mfaransa Augustin-Jean Fresnel ndiye aliyetupa hesabu hii mwanzoni mwa karne ya 19. Ukitazama maji wima kutoka juu, yanaakisi asilimia 2 tu ya mwanga. Unaona chini ya dimbwi. Ukiyatazama kwa mlalo wa nyuzi 10, yanaakisi kama asilimia 35. Kamera iliyo mita 1.5 kutoka ardhini inalitazama dimbwi lililo mita 8 na nusu mbele yake kwa nyuzi hizo 10 hasa. Kamera ya droni haipati kitu. Anayetaka taa za nyumba zionekane mara mbili, juu na chini, aishushe kamera hadi kimo cha mtu aliyesimama au chini ya hapo, na aache nafasi ya kutosha ya ardhi mbele ya nyumba.

Lami iliyoloa ni tamu kuliko dimbwi lenyewe. Kwa kuwa si laini kabisa, inauvuta mwanga wa taa kuwa mchirizi mrefu unaokuja kwa mtazamaji. Watengenezaji filamu wameijua siri hiyo zamani sana: barabara za usiku humwagiwa maji kabla ya kupiga picha hata kama hadithi haina mvua, kwa sababu lami kavu inameza mwanga wote. Filamu ya *Blade Runner* ya mwaka 1982 imejaa mwanga wa namna hiyo.

Sasa uamuzi mgumu. Dimbwi linaloakisi kama kioo linasema mvua imekatika. Kama bado inanyesha, kila tone linavuruga uso wa maji na taswira inavunjika vipande. Picha yenye mvua kubwa hewani na dimbwi tulivu chini inajipinga yenyewe. Kati ya nyakati hizo mbili, wa kwanza ndio wenye faida kwa nyumba: dakika chache baada ya mvua kuisha, kila kitu kimeloa, hewa imesafishwa, nyumba inaonekana hadi kwenye bawaba za mlango. Mvua inayonyesha inaficha kile mteja anachokilipia. Wachoraji wengi wangeokoa siku nzima kama wangeifuta mvua na kuacha maji.

Lakini mteja anataka aione mvua yenyewe. Ichorweje?

Kidogo, na mahali pake. Hesabu inasaidia. Tone la kawaida lina upana wa milimita 2 na huanguka kwa kasi ya mita 6 na nusu kwa sekunde. Kubwa kabisa, la milimita 5, hufika mita 9. Kamera ikifunguka kwa moja ya sitini ya sekunde, tone la kwanza linaacha mstari wa sentimita 11. Hakuna umbo la chozi lenye mkia wa kuchongoka: matone madogo ni ya duara, makubwa yamebonyea chini.

Chukua sasa picha yenye pikseli 4,000 kwa upana, lenzi ya nyuzi 60, nyumba ikiwa mita 20 mbele. Upana wa eneo linaloonekana hapo ni mita 23, hivyo pikseli moja ni karibu milimita 6. Tone ni theluthi ya pikseli! Kwenye umbali wa nyumba, basi, mistari ya mvua haiwezi kuonekana mmoja mmoja; mvua inakuwa pazia la ukungu linalopunguza rangi za vitu vya mbali. Mistari inayoonekana ni ya mvua iliyo mita chache kutoka kwenye lenzi, michache na iliyofifia. Mistari mirefu iliyotapakaa picha nzima kwa ukubwa mmoja ndiyo inayoleta ule mkwaruzo wa kioo cha simu.

Mvua pia haionekani kila mahali kwa usawa. Mwaka 2006 Kshitiz Garg na Shree Nayar wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha utafiti kuhusu kuchora michirizi ya mvua kwa kompyuta. Kazi yao ilionyesha kwamba tone hukusanya mwanga kutoka eneo pana sana mbele yake, kwa hiyo kwa kawaida linang'aa kuliko kilicho nyuma yake. Linaonekana mbele ya mti wenye giza au ukuta ulio kivulini, na kupotea mbele ya anga jeupe. Zaidi ya yote linaonekana taa ikiwa nyuma yake. Taa ya geti, taa ya barabarani, taa za bajaji inayokata kona: weka mvua hapo, kwenye duara la mwanga, na sehemu nyingine iachie ukungu.

Matone yaongezwe baada ya kurenda, kwa tabaka tofauti kwenye Photoshop, GIMP au ndani ya Blender. Zana za kuondoa chembechembe (noise) za picha, kama ile ya Intel iliyo bure ndani ya Blender, haziwezi kutofautisha tone na uchafu, zitalamba vyote.

Nyumba za kwetu zina nini cha pekee kwenye mvua?

Paa, kwanza. Bati la msauzi lililoloa lina migongo inayoshika mstari mwembamba wa buluu ya anga, mmoja baada ya mwingine, na bonde kati yake ni jeusi. Ni zawadi kwa mchoraji, lakini modeli lazima iwe na migongo ya kweli. Picha ya bati iliyobandikwa juu ya ubapa haitashika kitu. Gata zinajaa na kumwaga pembeni, bomba la kushushia maji linatiririka hadi kwenye simtanki, na kutoka kwenye mbao za fisha bodi matone yananing'inia.

Kisha miti. Maktaba za programu zimejaa miti ya Ulaya ambayo hakuna aliyewahi kuiona Kigamboni. Mgomba ndio mmea wa mvua: jani lake pana linashika anga lote, na ncha zake zinachuruzika. Mkungu, mwarobaini, mnazi, ua la michongoma, bogenvilia iliyoinama kwa uzito wa maji, hivyo vinatosha kueleza nyumba iko wapi bila kibao. Kama kuna watu, wawe wachache na wawe na sababu: mmoja barazani, mmoja anakimbilia geti na mwavuli.

Faida kubwa ya picha ya mvua, hata hivyo, haimo kwenye uzuri. Kuichora kwa uaminifu kunamlazimisha mchoraji kuuliza maji yanakwenda wapi, na swali hilo mara nyingi halijaulizwa na mtu mwingine. Angalia nyumba za kisasa za paa lililofichwa, zile ambazo ukuta umepandishwa juu kulificha bati. Mchana kwenye picha ni masanduku safi meupe. Mvua ikija, hazina upenu: maji yanashuka ukutani kote, kizingiti cha dirisha kinachuruzika, na maji yote ya paa yanatoka kwenye tundu moja au mawili ambayo ramani haikuyaonyesha. Mchoraji anayejaribu kuiloanisha nyumba hiyo anagundua papo hapo mahali pa kuweka michirizi ya weusi itakayotokea baada ya masika mawili. Vivyo hivyo kwa mlango mkuu ulio chini ya bonde la paa, au gereji iliyo chini kuliko barabara. Kazi hii imfikie msanifu kabla fundi hajamwaga msingi, wakati kurekebisha ni mstari wa kalamu.

Kompyuta ndogo inaweza kazi hii?

Inaweza, kwa uvumilivu. Jioni ni ngumu kuliko mchana, kwa kuwa badala ya jua moja kuna taa ndogo kumi au ishirini, na kila moja inaleta chembechembe zake. Blender ni bure na imekuwa programu huria tangu 2002. Punguza taa zisizoonekana, tumia kioo chepesi kwenye madirisha ya mbali, jaribu kwa picha ndogo ya pikseli 800 kabla ya kurenda kubwa. Ukitengeneza video, toa fremu mojamoja kama picha badala ya faili moja la video. Umeme ukikatika, unaendelea ulipoishia.

Akili mnemba haiwezi kugeuza picha ya mchana kuwa ya jioni ya mvua?

Inaweza, kwa sekunde chache, na inapendeza. Inafaa mwanzoni, kumwonyesha mteja hali ya hewa anayoitaka kabla ya kuanza kazi. Isimame hapo. Zana hizo hubadilisha bila kuomba ruhusa: dirisha la vioo vitatu linakuwa la viwili, mwinamo wa paa unaongezeka, nguzo inahama. Mteja akishaipenda nyumba ambayo haimo kwenye ramani, ugomvi utafika eneo la ujenzi.

Kwenye skrini inavutia, ikichapwa inakuwa nyeusi. Kwa nini?

Skrini inatoa mwanga, karatasi inauazima. Mchoraji anayefanya kazi kwenye chumba chenye giza, mwangaza wa skrini ukiwa juu kabisa, anaona vivuli ambavyo wino hauwezi kuvitoa. Punguza mwangaza wa skrini, washa taa ya chumba, kisha itazame picha upya. Kabla ya kuchapa A1, chapa kipande cha A4 cha eneo lenye giza zaidi, ukitazame mchana dirishani, kisha uinue vivuli kwa kiasi kinachohitajika. Usiguse taa.

Faili la kazi lihifadhiwe kwa biti 16 au kama EXR. JPG ina hatua 256 tu kwa kila rangi, na anga la jioni, linalofifia polepole kutoka buluu hadi weusi, litaonyesha mapande yaliyokatika mara tu ukianza kulirekebisha. JPG iwe ya mwisho, ya kumtumia mteja kwenye WhatsApp. Kwa ya ukutani, chagua karatasi inayong'aa: inatoa weusi ulioiva kuliko ile isiyong'aa, na kwa nyumba iliyoloa tofauti hiyo inaonekana.